Kasoro kwa Hiari

Kuchagua ni kazi ngumu kuliko kupata. Apataye huweza kuishukuru bahati, na akosaye huweza kuilaumu. Lakini achaguaye hana wa kumshukuru wala wa kumlaumu ila nafsi yake. Kwa sababu hiyo wenye hekima wa zama nyingi wamelitazama tendo la kuchagua kama kioo ambamo tabia ya mtu huonekana. Aghalabu mifano yao ilikuwa ya mambo makubwa: mfalme kati ya vita na amani, hakimu kati ya haki na huruma, mzazi kati ya mapenzi na adabu. Lakini kioo kidogo huonyesha uso ule ule uonekanao katika kioo kikubwa. Yafaa basi kutazama mara moja katika kioo kidogo sana, nacho ni kisanduku cha chuma kiwekwacho sakafuni mbele ya mpiga gitaa la umeme, akikanyage kwa unyayo ili sauti ya nyuzi zake igeuke na kukwaruza. Wapigaji hukiita kisanduku hicho fazi.

Ajabu ya chombo hiki ni kwamba hununuliwa kwa ajili ya ubaya wake. Anunuaye kisu hutafuta makali, anunuaye saa hutafuta ukweli wa wakati, na anunuaye miwani hutafuta kuona bila ya ukungu. Anunuaye fazi hutafuta uharibifu. Huingia dukani na gitaa jema, lenye sauti safi kama maji ya chemchemi, naye hutoa fedha ili maji yale yatibuliwe. Tena hatosheki na tope lo lote; hulinganisha tope na tope, akakataa hili na kulipenda lile. Swali ni hili: Je, yawezekana mtu mwenye akili timamu kutamani kasoro, akailipia, na akawa hakukosea? Na kama yawezekana, ni kitu gani kitengacho kasoro inayostahili kupendwa na kasoro inayostahili kuondolewa?

Kabla ya kuhukumu, yapasa kujua kitendekacho ndani ya kisanduku. Mtetemo wa uzi wa gitaa, ukisha kugeuzwa kuwa umeme, ni wimbi lenye vilele na mabonde ya mviringo. Kikuza sauti kilicho chema hulikuza wimbi hilo bila ya kulibadili umbo. Walakini kila kikuza sauti kina mpaka wa nguvu zake. Wimbi likisukumwa kupita mpaka huo, vilele vyake hugonga dari, navyo hukatwa vikawa bapa. Kilichokuwa mfano wa kilima huwa mfano wa sanduku. Katika mkato huo huzaliwa sauti nyingine ambazo mpigaji hakuzipiga, zenye mitetemo iliyo mara mbili, mara tatu, mara nne, mara tano, na kuendelea, ya ule mtetemo wa asili. Sikio huzipokea zote kwa pamoja, likasikia mvumo mnene wenye mikwaruzo. Aidha, sauti hudumu muda mrefu zaidi, kwa kuwa hata uzi ukianza kuchoka, wimbi lake lililokuzwa mno huwa lingali linagonga dari. Mafundi huuita mwenendo huu upotoshaji, maana kitokacho hakifanani na kilichoingia.

Walioianza habari hii hawakuikusudia. Katika mwaka 1951, mjini Memphis nchini Marekani, Jackie Brenston na wenzake walikwenda kurekodi wimbo uitwao "Rocket 88". Kikuza sauti cha Willie Kizart, mpiga gitaa, kilikuwa kimeharibika safarini. Sam Phillips, aliyekuwa akirekodi, hakuivunja kazi. Spika iliyopasuka ilisokotewa karatasi, na gitaa likapigwa hivyo hivyo na kukwaruza kwake. Miaka saba baadaye, 1958, Link Wray alitoa santuri ya "Rumble", naye hakungoja ajali: alizitoboa spika zake kwa penseli ili zikwaruze. Kisha mjini Nashville, katika kurekodiwa kwa wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, gitaa la besi la Grady Martin lilipita katika njia mbovu ya mtambo na kutoka na sauti ya kuunguruma ambayo hakuna aliyeiagiza. Fundi wa mtambo, Glenn Snoddy, aliichunguza sauti ile, na kwa msaada wa fundi mwenzake akaunda sakiti ya transista iliyoweza kuitoa wakati wo wote. Kampuni ya Gibson iliichukua sakiti hiyo na kuiuza tangu mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Katika habari hiyo fupi mna ngazi tatu, na kila ngazi ni somo la maadili. Kwanza kasoro ilitokea, ikapokewa. Pili kasoro ilitafutwa, ikaletwa kwa mkono. Tatu kasoro ilitengenezwa, ikatiwa katika kisanduku chenye kiwashio na kizimio. Mtu wa ngazi ya kwanza alikuwa na saburi, wa pili alikuwa na ujasiri, na wa tatu alikuwa na maarifa. Lakini wote watatu walikuwa na jambo moja lililo nadra: waliisikiliza kasoro kabla ya kuihukumu. Watu wengi huihukumu kwanza, wakakosa nafasi ya kuisikiliza.

Wenye kukiuza chombo kile cha kwanza hawakuelewa walichokuwa nacho. Walikitangaza kuwa kitalipa gitaa uwezo wa kuiga ala za kupuliza na ala nyingine za okestra, mfano wa tarumbeta na selo. Ahadi hiyo haikuwavuta wanunuzi, wala haikuwa ya kweli, maana gitaa lililokwaruzwa halisikiki kama tarumbeta. Katika mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia fazi katika wimbo "(I Can't Get No) Satisfaction" kwa nia ile ile ya kuiga, kama alama ya kushikilia mahali ambapo tarumbeta zingewekwa baadaye. Rekodi ikatolewa kama ilivyo, na dunia ikaipenda. Mwaka huo huo Otis Redding aliurekodi wimbo huo na kuweka tarumbeta za kweli mahali pale. Lakini waliokwisha kuisikia fazi hawakuiona tena kuwa mwigo wa kitu. Kabla ya mwaka kwisha, akiba ya chombo kile madukani ilikuwa imemalizika. Chombo kilichoshindwa kuwa kitu kingine kilishinda kwa kuwa chenyewe. Haya ndiyo yawapatayo watu pia: wengi hukaa miaka katika aibu ya kutofanana na jirani, kumbe walichonacho hakikuhitaji kufanana.

Hapa mpenda ukweli huweza kuinuka na kupinga. Atasema kuwa upotoshaji ni uongo, na uongo hauwi halali kwa sababu wapendeza. Uzi ulisema neno moja, na kisanduku kimesema jingine. Aliyekiweka kati ya uzi na sikio ameweka shahidi wa uongo. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini imesahau maana ya uongo. Uongo ni nia ya kumfanya msikilizaji aamini jambo lisilokuwapo. Asikiaye fazi haamini kuwa anasikia uzi mtupu, wala mpigaji hataki aamini hivyo. Hali yake ni hali ya sitiari katika lugha. Amwitaye shujaa simba hakudai kuwa shujaa ana mkia. Ameyapinda maneno mbele ya macho ya wote, na katika kupinda huko wamepata kuona kilichokuwa kimefichika katika maneno yaliyonyoka. Lugha isiyopindwa kamwe hufaa hati za madeni na orodha za mizigo; haifai maombolezo wala mapenzi.

Tena, wale wadhanio kuwa usafi wa sauti ndio maumbile ya muziki na mkwaruzo ni uasi, wameipima dunia kwa kipimo cha nyumba moja. Mbira ya Washona wa Zimbabwe hufungwa makombe au vifuniko vya chupa kusudi kila sauti itoke na mchakacho wake. Timbila za Wachopi wa Msumbiji huwa na vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa kwa utando mwembamba, ili ubao ukipigwa utando uvume. Hapana ajali hapo. Mafundi waliweka mvumo kwa mikono yao, na ala isiyovuma huonekana kuwa haijakamilika. Kwa hivi, vijana wa Zambia walipoyakanyaga makanyagio ya fazi katika miaka ya 1970, kama bendi za WITCH na Amanaz zilivyofanya katika santuri zao za mwaka 1975, walishika chombo kilichotoka mbali, lakini sauti ivumayo haikuwa ngeni katika upande huo wa Afrika. Kasoro ya mtu mmoja huweza kuwa ukamilifu wa mwingine, na mwenye busara huuliza desturi ya mahali kabla ya kutoa jina la aibu.

Basi, ikiwa kutamani kasoro si lazima kuwe upumbavu wala uongo, limebaki swali la kuchagua. Fazi si moja. Fazi za kale zilitengenezwa kwa transista za jerimaniamu. Madini hayo yana tabia ya kuathiriwa na joto. Joto likizidi, mkondo wa umeme huvuja ndani yake, na sauti iliyokuwa nzuri asubuhi huweza kuharibika adhuhuri. Kadhalika transista mbili za jina moja hazilingani nguvu, hata visanduku viwili vya kiwanda kimoja huweza kusikika kama ndugu wa mama mbalimbali. Lakini jerimaniamu ina usikivu mkubwa. Katika Fuzz Face, kisanduku cha mviringo kilichoanza kuuzwa London mwaka 1966 chenye transista mbili tu, mpigaji akipunguza sauti kwa kifundo cha gitaa lake, mkwaruzo hurudi nyuma na usafi hujitokeza. Akigusa uzi kwa upole, chombo humjibu kwa upole. Silikoni, iliyofuata, haibabaishwi na joto kama jerimaniamu, lakini sauti yake aghalabu ni kali zaidi, yenye ncha. Kisha iko Big Muff, iliyotoka New York mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye transista nne. Hiyo hutoa sauti nene idumuyo sana, kama joho zito: humpa mvaaji fahari, humficha mikunjo, na humficha umbo pia.

Kila mojawapo ya hizo hudai kodi yake. Mwenye kutaka usikivu hana budi kuvumilia kigeugeu. Mwenye kutaka uthabiti hana budi kupokea ukali. Mwenye kutaka fahari hana budi kupoteza wepesi wa mkono. Na zote kwa jumla hutoza kodi nyingine: sauti mbili au tatu zikiingia pamoja, fazi huzichanganya, ikazaa sauti mpya za jumla yao na za tofauti yao. Sauti zilizo na uhusiano sahili hupita salama. Lakini sauti nyingi zenye uhusiano wa mbali hugombana, na wimbo hugeuka kelele. Apigaye fazi hulazimika kuacha sehemu ya utajiri wa gitaa ili apate nguvu ya sehemu iliyobaki. Hapo ndipo ilipo siri ya uchaguzi huu. Achaguaye kitu kikamilifu hudhani kuwa amepata bila ya kupoteza, na dhana hiyo humpumbaza. Achaguaye kati ya kasoro na kasoro hawezi kupumbazika hivyo. Hujua tangu mwanzo kuwa swali si atapata nini, bali ni kitu gani yu radhi kukikosa.

Katika njia hiyo mna mashimo matatu ya kuangukia. Shimo la kwanza ni jina. Jimi Hendrix aliipiga Fuzz Face, na wengi huitaka ile ile ili wapate alichokipata yeye. Ndani ya kisanduku hicho mna transista mbili na vipande vichache vya kupunguza na kuhifadhi umeme. Mkono wa Hendrix haumo. Visanduku vya zamani huuzwa kwa bei ya juu sana kuliko vipya vya sakiti ile ile, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni bei ya kumbukumbu. Si dhambi kununua kumbukumbu, ilimradi mnunuzi ajue kuwa ndicho anunuacho. Aliye na fedha kidogo akaacha chombo cha rahisi kinachofaa, akakopa kwa ajili ya jina, amelipa kodi kwa mfalme aliyekwisha kufa.

Shimo la pili ni uchaguzi usio na mwisho. Mchagua nazi hupata koroma, na mchagua jembe si mkulima. Sikio lililokwisha kulinganisha visanduku kumi kwa saa nzima limechoka, na sikio lililochoka hutoa hukumu ya uchovu. Tena kati ya sauti mbili, ile iliyo juu kidogo hudhaniwa kuwa bora, hata kama haina jema jingine zaidi ya kuwa juu. Kwa hiyo mchaguzi mwaminifu husawazisha sauti kwanza, akajaribu vichache, akapiga wimbo autakao yeye wala si wimbo wa kuonyesha dukani, na ikiwezekana akapiga pamoja na wenzake. Maana sauti iliyo nene peke yake huweza kumezwa ikikutana na ngoma na besi. Yaliyo kweli kwa sauti ni kweli kwa rai nyingi: zilizo tukufu chumbani hutoweka sokoni.

Shimo la tatu ni kujificha. Mkwaruzo hufunika makosa ya vidole kama usiku ufunikavyo uchafu wa uwanja. Mwanafunzi aliyeishika fazi kabla ya kujifunza kupiga huweza kukaa miaka akidhani kuwa amejua. Dawa yake ni nyepesi, nayo imo katika chombo chenyewe: aikanyage tena, izimike, asikilize kilichobaki. Kama kilichobaki ni wimbo, fazi ilikuwa pambo. Kama kilichobaki si kitu, fazi ilikuwa pazia.

Imebaki hoja iliyo nzito kuliko zote. Ikiwa kasoro yaweza kuwa sifa, je, kila mwenye kasoro hatajitetea kwa neno hilo? Mwenye hasira atasema kuwa hasira ndiyo sauti yake. Mwenye uvivu atasema kuwa uvivu ni mtindo. Mjenzi atasema kuwa ufa wa ukuta una uzuri wake. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, maana dunia imejaa watu waliozipamba tabia mbaya kwa majina mema. Jibu lake ni kuwa kasoro haiwi sifa kwa kutangazwa. Yataka ipite katika milango mitatu. Mlango wa kwanza ni ujuzi: mwenye nayo aijue kuwa ni kasoro, wala asiidhani kuwa ndiyo sauti ya pekee. Mlango wa pili ni hiari: aweze kuiacha atakapo. Mlango wa tatu ni haki: mzigo wake umwangukie aliyeichagua, usitwikwe asiyeulizwa. Fazi hupita milango yote. Mpigaji aijua, aweza kuizima kwa unyayo, na hasara ya wimbo ulioharibika ni yake mwenyewe. Hasira haipiti mlango wa pili, kwa kuwa haina kizimio; na ufa wa ukuta haupiti mlango wa tatu, kwa kuwa ukuta humwangukia mpangaji. Hata fazi yenyewe, ikipigwa kwa nguvu za kuumiza masikio ya jirani aliyelala, hukwama katika mlango huo huo. Na ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Kasoro ambayo mtu aweza kuizima ni mtumishi wake. Kasoro asiyoweza kuizima ni bwana wake, hata akiipa jina la mtumishi.

Labda itaulizwa: Vipi kuhusu kasoro zisizochaguliwa, sauti ya mafua isiyopona, mguu mfupi, kigugumizi? Hizo hazikuletwa na hiari, wala mwenye nazo hadaiwi kuzizima. Milango mitatu ni ya yale ambayo mtu aweza kuyaacha. Kwa yale asiyoweza kuyaacha, hukumu hutazama jambo moja tu, nalo ni alilolifanya baada ya kupatwa. Kizart hakuchagua kikuza sauti kivunjike. Uchaguzi ulikuja baadaye, pale ilipowezekana kuifunga kazi na kwenda nyumbani, nao wakaamua kupiga. Hiari haikuwapo katika ajali. Ilikuwapo katika saa iliyofuata. Wanadamu wengi hawakuulizwa kabla ya kuvunjika kwao, lakini wachache ni wale waliokosa kabisa saa iliyofuata.

Kwa hayo, mwenye kwenda kuchagua fazi hachezi mchezo wa watoto, ijapokuwa aendalo kulinunua ni kelele. Huenda kujifunza apendalo, na ambalo yu radhi kulikosa ili alipate. Akisha kuchagua, wajibu wake wa pili ni kuacha kuchagua. Mwanafunzi mwenye kisanduku kimoja cha bei ndogo, anayejua ni wapi kinapokwaruza vema na ni wapi kinapoharibu, amechagua. Tajiri mwenye visanduku ishirini rafuni, anayengoja cha ishirini na moja kabla ya kutunga wimbo, bado hajaanza. Na wimbo aliouahirisha hautamlaumu, kwa sababu haujazaliwa.